Posa Yangu Ilivyovunjwa na Kifo cha Sajini wa Televisheni

Posa yangu ilivunjwa na askari aliyekufa kwenye televisheni.

Najua unacheka. Cheka tu. Siku ile mimi sikucheka hata kidogo.

Naitwa Violet, mzaliwa wa Mwika, kule juu kwenye migomba na kahawa. Haya yalinikuta mwaka 1992, wakati huku Bara hatujawa na stesheni yetu ya televisheni. Lakini sisi tulikuwa tunaona. Kenya iko hapo chini tu. Ukifunga antena juu ya mti mrefu, picha za jirani zinaingia bila kupita mpakani Holili kukaguliwa.

Baba yangu, Mzee Filemon, ndiye aliyekuwa na televisheni peke yake kitongoji kizima. Ilikuwa ndogo, ya nyeusi na nyeupe, inatumia betri ya gari. Aliinunua enzi zile za ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumwagika madukani.

Haikuchukua muda spika ikafa. Picha ipo, sauti hakuna.

Mtu mwingine angetafuta fundi.

Baba akasema, "Fundi wa nini? Mdomo ninao."

Kuanzia siku hiyo yeye ndiye akawa sauti.

Kila Jumamosi jioni ile stesheni ya jirani ilionyesha mchezo wa zamani wa vita, wa ng'ambo. Jina lake la Kiingereza hatukulijua wala hatukulitafuta. Sisi tuliuita "Wale wa Madaraja," maana ulihusu kikosi cha askari wanaojenga madaraja ili jeshi lao lipite. Wakimaliza daraja, adui analilipua. Wanaanza upya.

Basi Jumamosi ikifika, sebule inajaa, wengine wananing'inia dirishani. Baba anakaa kwenye stuli kando ya televisheni, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, anasema maneno ya kila askari. Kiswahili kikimwishia anaingiza Kichagga. Adui, kwa sababu anazozijua baba mwenyewe, aliongea Kichagga cha wenzetu wa Machame.

Majina aliwapa yeye.

Kipenzi chake alikuwa Sajini. Mtu mrefu, masharubu yamekaa vizuri, kiko cha tumbaku mdomoni. Kikosi kikisimama popote, Sajini anashuka kwenye lori taratibu, anaegemea mlango, anatazama mto kama anataka kuununua.

"Mnaona?" baba anasema. "Huyo ndiye kiongozi. Hakimbii, hapigi kelele. Anafikiri."

Na palikuwa na mmoja mfupi, mwenye miwani, kila wakati ameshika ramani. Huyo baba alimpa jina la Karani, na alimchukia kama deni la dukani.

"Mtazameni Karani! Wenzake wanabeba magogo, yeye anasoma gazeti! Mla posho mkubwa!"

Sebule nzima inaguna. Wengine wanasonya.

Usidhani ulikuwa utani. Watu walimpenda Sajini kama ndugu. Siku alipojeruhiwa bega, mama yangu, Mektrida, alikwenda kumwashia mshumaa kanisani. Jirani yetu Elisaria, mama mjane, alitamka mbele za watu kwamba mwanamume kama yule akipita Mwika, kwake mtori wa ndizi utakuwa tayari.

Sasa nije kwangu.

Nilikuwa na mchumba, Sirili, kijana wa Marangu. Alikuwa anafanya biashara ya vitunguu pale mpakani Holili. Mpole, mchapakazi, anacheka na kila mtu. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mkuu wa mambo yake alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Wenseslaus. Huyu alikuwa kiongozi wa wageni wanaopanda mlima. Kileleni Kibo alikuwa amefika mara nyingi kuliko mimi nilivyofika Moshi mjini.

Siku ya posa ikapangwa. Na kwa bahati zangu, ikaangukia Jumamosi.

Mzee Wenseslaus akaja na wazee wenzake, makoti yamepigwa pasi, mbege wamebeba. Mambo yakaanza vizuri ajabu. Salamu ndefu, nyama ikaliwa, vicheko. Mimi na mama tulikuwa jikoni tumetega masikio.

Jioni ikakaribia. Baba akaanza kutazama saa.

"Wageni wangu," akasema, "mtanisamehe. Hapa kwangu saa hizi huwa tunatazama Wale wa Madaraja. Sijui kama mnawafahamu."

Mzee Wenseslaus akaweka kata chini.

"Kina nani? Wanajeshi wa madaraja? Mzee mwenzangu, mimi ni mgonjwa wa mchezo huo! Naangalia kule hotelini, kwenye chumba cha wafanyakazi. Jumamosi nikiwa mlimani, roho yangu inabaki chini."

Nikasikia viti vinasogezwa. Nikachungulia. Wazee wawili wameshikana mikono kama watu waliopotezana tangu ujana.

"Na Sajini je?" baba akauliza.

"Usiniambie habari za Sajini! Yule si mtu, yule ni mlima!"

Mama akaniminya mkono. "Mwanangu," akaninong'oneza, "umeshaolewa."

Ndipo Mzee Wenseslaus, kwa furaha tu, mdomo ukamponyoka.

"Inauma tu anavyokuja kufa mwishoni."

Baba akaacha kutazama saa.

"Nani anakufa?" baba akauliza.

"Sajini. Kwenye daraja la mwisho. Kuna mzungu nilimpandisha, aliuona mchezo huo kwao mpaka ukaisha. Alinisimulia tukiwa Horombo, tunakunywa chai. Hata machozi yalimtoka."

"Horombo," baba akarudia taratibu. "Kule juu, hewa ilikoadimika."

"Ndiyo huko huko."

"Ambako watu wanatapika na kusalimiana na mawe."

"Huyu alikuwa mzima, Mzee Filemon."

"Mzima! Mtu mzima analia na kikombe cha chai?"

Mzee Wenseslaus naye akaanza kupanda joto. "Nimefanya kazi kwenye mlima huo tangu ujana. Namjua mtu aliyeshikwa na mlima, na namjua anayesema kweli. Sajini anakufa. Utake usitake."

Baba akasimama.

"Mtu anayekuja kuua watu wangu sebuleni kwangu," akasema, "mbele ya televisheni yangu, tena amekula nyama yangu, haoi kwangu. Nendeni salama."

Wageni wakaangaliana. Wakadhani ni mzaha. Wakamwangalia tena baba, wakachukua kofia zao.

Mimi nilikwenda kuangukia gunia la kahawa stoo, nikalia mpaka kwikwi.

Kesho yake wazee wa kijiji wakamtumia ujumbe Mzee Wenseslaus: chukua isale, uje umalize. Kwetu, mtu akikujia na jani la isale kuomba msamaha, humkatalii. Hiyo iko tangu mababu.

Jibu likarudi kutoka Marangu: "Isale la nini? Kwani mimi ndiye niliyempiga risasi?"

Nikasema basi, nimekwisha.

Kumbe kimbembe chenyewe bado. Jumamosi iliyofuata tukakaa kutazama, ikatokea mieleka. Wanaume wawili wenye matumbo wanatupana chini.

"Leo wamekosea," baba akasema. "Wiki ijayo."

Wiki ijayo mieleka. Na nyingine, mieleka. Mchezo ulikuwa umekatwa kabla ya mwisho, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Baba alijaribu kuwa sauti ya wale wapigana mieleka, lakini moyo haukuwepo. Watu wakaanza kuchelewa kuja, kisha wakaacha kuja.

Baba akakonda. Kiburu cha ndizi na maharage alichokuwa anakisafisha mpaka chungu, sasa anakigusagusa na kijiko. Anakaa barazani anatazama antena.

"Mektrida," anamwita mama. "Hivi unadhani kweli amekufa?"

"Filemon! Kahawa inadondoka shambani, wewe unaomboleza kivuli?"

Ila Jumapili nikamwona mama huyo huyo anawasha mshumaa. Akanivuta pembeni, nje ya kanisa.

"Violet, mtafute huyo askari. Mzima au maiti, mtafute. Mimi ujane siutaki, tena wa sababu ya aibu hivi."

Siku ya soko nikakutana na Sirili pale Himo, tukajificha nyuma ya vitunguu vyake.

"Violet, tutoroke," akasema.

"Kwa ajili ya televisheni? Watoto wakituuliza tutawaambia nini?"

Akakuna kichwa. "Baba mkubwa naye hali yake mbaya. Kila mzungu anayempandisha anamuuliza, Sajini alikufa au hakufa? Wengine hawajui hata anaongelea nini. Mmoja alidhani kuna maiti njiani, akataka kurudi."

Nilicheka siku hiyo, cheko langu la kwanza tangu posa ivunjike.

Sirili akaniambia wafanyabiashara wenzake wa Taveta wamemtajia mtu wa Moshi mjini, Mikidadi, mwenye maktaba ya video. Alichonacho yule bwana, walisema, hata Nairobi hukipati.

Tukaenda. Mikidadi tulimkuta kwenye chumba chake nyuma ya soko, kanda zimepangwa kutani kutoka sakafuni mpaka dari. Mtu mnene, kofia ya kushona, macho yanacheka.

"Wanajeshi wa madaraja?" akasema. "Ninayo. Hata sehemu ya mwisho ninayo. Shemeji yangu aliniletea kutoka Mombasa."

Nusura nimkumbatie.

"Ila hiyo haitoki humu ndani, dada. Siazimishi. Mke wangu Maulida aliitazama, na siku hiyo kwangu hakukupikwa. Anayeitaka aje akae hapa, na akilia alie hapa hapa."

"Kaka Mikidadi, niambie tu neno moja. Sajini anakufa?"

Akaniangalia kama nimemtukana.

"Dada, mimi nina heshima zangu. Njoo uone mwenyewe."

Nikawaza, laiti Mzee Wenseslaus angekuwa na nusu ya adabu hii.

Kazi ikawa kuwaleta wazee wawili chumba kimoja. Mimi nilimwambia baba, "Kuna kanda mjini itakayomuumbua Wenseslaus." Sirili akamwambia baba yake mkubwa, "Filemon anakwenda kuumbuka, usikose." Wala hatukusema uongo. Kuna mmoja wao lazima angeumbuka.

Jumapili baada ya misa wakashuka mjini. Kila mmoja na watu wake. Watu wa Mwika walikaa kushoto, wa Marangu kulia, katikati wameacha njia kama harusini. Baba alivaa suti yake ya Pasaka. Hakumsalimia Mzee Wenseslaus, na Mzee Wenseslaus hakusalimia pia. Mimi nikampigia shikamoo, akaitikia "marahaba" akitazama dari.

Mikidadi akatumbukiza kanda.

Picha ya rangi! Wote tukaguna. Mto wa kijani. Lori la kikosi linakuja. Mrefu wetu wa masharubu anashuka, anaegemea mlango. Baba, kwa mazoea, akakohoa na kuanza:

"Vijana wangu, mto huu..."

"Mzee," Mikidadi akamkatiza kwa upole, "hii inaongea yenyewe."

Na kweli ikaongea. Yule mrefu akafungua mdomo, ikatoka sauti nyembamba, ya puani.

Baba akashtuka. "Hiyo ni sauti ya nani?"

"Ya huyo huyo, baba," nikasema.

"Sajini hana sauti ya mbuzi!"

Upande wa Marangu wakacheka. Mzee Wenseslaus hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anamtazama baba.

"Mzee Filemon. Umesema nani?"

Kabla hajajibiwa, kwenye picha askari mmoja akaja mbio anaita, "Sajini! Sajini!" Kiingereza hicho hata mama alikielewa. Na aliyegeuka kuitika hakuwa yule mrefu.

Alikuwa Karani. Yule mfupi, na miwani yake na ramani yake.

Baba akainuka nusu. "Wamemwita nani?"

"Sajini," akasema Mzee Wenseslaus. "Si ndiye Sajini huyo? Wewe siku zote unamsema nani?"

"Namsema yule! Mrefu! Mwenye masharubu!"

"Yule?" Mzee Wenseslaus akavua kofia. "Mzee mwenzangu. Yule ni dereva."

"Dereva?"

"Dereva wa lori. Ndiyo maana kila wakati anashukia mlango wa mbele. Hana hata cheo."

Nakuambia, chumba kile kililipuka. Watu wa Marangu walicheka mpaka benchi likaegemea ukuta. Mikidadi alitoka nje kucheka, kisha akarudi. Mpaka watu wetu wa Mwika nao wakaanza kutetemeka mabega, mikono mdomoni. Mama alikuwa amejifunika uso na khanga, na khanga inacheza.

Baba akachukua kofia yake. Alikuwa mdogo ghafla, kwenye ile suti. Nikaona anaelekea mlangoni, na ndoa yangu inaelekea naye.

Mama akamdaka pindo la koti.

"Kaa, Filemon. Kuna mtu anataka kufa humu, na bado hujamwona."

Akakaa.

Sitaisimulia yote. Daraja la mwisho lilikuwa la kamba na mbao, juu ya korongo. Kikosi kimeshavuka, adui yuko nyuma. Wanajihesabu. Mmoja hayupo. Dereva amebaki ng'ambo, ameumia mguu, analiegemea lori lake.

Yule mfupi akatazama daraja. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akarudi.

Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa na ruhusa zote za kubaki.

Akavuka, akainama, akambeba dereva mgongoni. Fikiria mwenyewe: mtu mfupi vile kambeba mtu mrefu vile, miguu ya mwenzake inaburuza kwenye mbao. Anakuja. Anayumba, anakuja.

Akamfikisha. Akamlaza kwenye majani, akamtengenezea kola ya shati. Ndipo na yeye akakaa chini, kama mtu aliyechoka tu. Tukaona damu. Alikuwa amepigwa tangu katikati ya daraja.

Hakuna aliyecheka tena.

Kanda ikaisha, kioo kikabaki na chengachenga. Baba alikuwa amesimama, kofia kifuani, machozi yanashuka kwenye suti ya Pasaka.

"Nimemtukana yule mtu," akasema. "Kila Jumamosi. Nimemwita mla posho mbele ya watu. Na yeye ndiye aliyembeba wa kwangu."

Kilio cha pili kikasikika kutoka kulia. Alikuwa Mzee Wenseslaus, analia kwa sauti kubwa kuliko ya baba.

"Mzungu aliniambia tu kwamba anakufa," akasema. "Hakuniambia anakufa hivi."

Wakakutana kwenye ile njia ya katikati, wakakumbatiana. Sirili akanitazama, mimi nikamtazama. Nikajua sasa tunaoana.

Sirili akaona asipoteze nafasi. Akasogea kwa heshima. "Wazee wangu, kwa kuwa sasa mmepatana, labda lile jambo letu..."

Baba akamwangalia kwa mshangao.

"Jambo gani, kijana? Huoni tuna msiba?"

Nikaishiwa pozi kabisa.

Na hakuwa anatania. Wiki hiyo hiyo alitangaza matanga nyumbani. Turubai likafungwa, mbuzi akachinjwa, mbege ikapikwa. Watu wa Marangu wakapanda lori zima wakaja, Mzee Wenseslaus mbele na kitambaa cheusi mkononi. Watu ambao hawakujua kitu waliingia na mikungu ya ndizi na nyuso za huzuni.

"Marehemu ni nani?" nikasikia mmoja anamuuliza Elisaria.

"Sajini."

"Wa ukoo gani?"

"Wa ng'ambo," Elisaria akajibu, akapangusa macho. "Mfupi, lakini mtu kwelikweli."

Katekista akaitwa aongoze sala. Alipoelezwa, akasita. "Mzee Filemon, huyu mtu alibatizwa?"

"Mtu anamrudia mwenzake vile," baba akasema, "halafu wewe unamdai cheti?"

Katekista akafungua kitabu, akasali. Sala fupi, ila alisali.

Baada ya hapo baba akasimama akaisimulia sehemu ile yote kwa mdomo, kwa majina sahihi. Dereva akamwita dereva. Alipofika kwenye lile daraja, hata wanaume wa mbali kule nje ya turubai walikuwa wanajikohoza.

Kisha akageuka alipokaa Mzee Wenseslaus.

"Mzee mwenzangu, koo zote mbili ziko hapa. Nyama ipo, mbege ipo, na hakuna mwenye hasira. Ulikuwa na neno gani na mimi siku ile?"

Mzee Wenseslaus akasimama, akatoa kitambaa cheusi mkononi, akakitia mfukoni.

"Nilikuwa na kijana anayetaka mke," akasema.

"Mwambie asogee."

Vigelegele vilipigwa pale pale matangani. Waliokuwa wanapita barabarani walisimama, wasielewe hiki ni kilio au ni harusi. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, anacheka na kulia, akanikuta nimeshikilia nguzo ya turubai.

Ndivyo nilivyoposwa, kwenye msiba wa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Mpaka leo tuko pamoja mimi na Sirili, na nikichelewa kumpa chai ananiambia nimekuwa mtu wa Horombo, hewa imeniadimikia.

Funzo? Mimi nalo moja tu. Ukiona mnakaribia kuvunjiana heshima na mwenzako kuhusu mtu, simamisha kwanza, muulize: hivi wewe na mimi tunamwongelea nani? Na huyo unayemsema vibaya kila siku, ngoja usikie sauti yake.